Kila Boma, Choo Kimoja

Mwezi uliopita nilihudhuria mazishi Mundika. Marehemu alikuwa mkulima mwenzangu, mtu wa maneno machache, na wasemaji walipomaliza kumsifu walianza kusifiana wenyewe. Akasimama bwana mmoja aliyestaafu kazi ya maendeleo ya jamii, akashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika kuku wa zawadi, akasema, "Ninyi vijana mna bahati. Zamani kule juu ya Malaba, kwenye vilima, watu walijengewa vyoo vizuri na vijana wa kujitolea. Mnajua walifanya nini? Waliweka kuku!"

Watu wakacheka. Mchungaji akacheka mpaka akafuta miwani. Mimi nilichukua fimbo yangu nikaondoka kabla ya chakula. Huku kwetu mtu akiondoka mazishini bila kula anakuwa amewatukana wenye msiba, na Mungu anisamehe, siku hiyo nilitaka kutukana. Nilikuwa na hasira na yule bwana, na wale waliocheka, na zaidi na mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na maneno ya kumjibu na sikumjibu. Si mara ya kwanza kunyamaza nikiwa na maneno mdomoni. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa vilima hivyo. Ukitoka stesheni ya Malaba asubuhi ukiwa na mzigo kichwani, unafika kwetu jua likiwa utosini. Gari halikufika wakati huo na hata sasa linafika kwa shida. Ni mawe matupu, mengine makubwa kuliko nyumba, na katikati ya mawe kuna vipande vya udongo tunavyolima wimbi na muhogo. Maji yetu yalikuwa chemchemi moja, mahali ambapo kilima kinajikunja. Wanawake waliyachota kwa kibuyu, ng'ombe waliyanywa hapo hapo, mbwa nao. Kila mvua zilipoanza watoto waliharisha, na kila mwaka tulizika. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba natetea uchafu. Wale vijana wa kujitolea walipokuja, miaka michache baada ya Uhuru, walikuwa sahihi kuhusu maji. Nitalisema hilo hata nikiwa na hasira.

Walikuwa wazungu watatu, na sisi vijana wa hapa kama sita hivi tuliotoka shule za sekondari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilikuwa nikisubiri kazi Busia, kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Kati ya wale sita mimi peke yangu nilizaliwa kilimani, basi nikafanywa mkalimani. Cheo hicho kililewesha kuliko malwa, pombe yetu ya wimbi. Nilivaa soksi ndefu na viatu vyeusi kupanda mawe. Wazee walionipiga viboko nikiwa mchunga mbuzi sasa waliningoja mimi niwaambie mgeni amesema nini.

Mkubwa wa wale wageni alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu. Alifanya kazi kwa mikono yake, alichanganya zege kwa beleshi mpaka viganja vikatoka malengelenge, na alikula ugali wa wimbi bila kukunja uso. Mpango wao ulikuwa rahisi. Chemchemi ingejengewa kwa zege, maji yapite kwenye bomba, yashuke mpaka mahali pa kuchotea, na mifugo inyweshwe chini zaidi. Halafu kila boma lichimbe choo cha shimo, na wao wangeleta slabu ya zege ya kufunika shimo, yenye tundu katikati. Chifu aliupenda mpango huo kwa sababu mkuu wa wilaya angekuja kufungua maji. Kila baraza alipiga kelele, "Kila boma, choo kimoja! Nimesema kimoja, na kiwe tayari!" Alitamka hiyo "kimoja" kana kwamba anatupa zawadi.

Bomani kwetu tulikuwa baba, mama, mimi, na mke wa kaka yangu mkubwa. Kaka alifanya kazi ya reli Malaba, kukaza na kunyoosha mataruma, akija nyumbani Jumamosi na kurudi Jumapili jioni. Mkewe alitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo, na hakuwa amekaa kwetu muda mrefu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na ulimi wake ulikuwa mkali kwangu kama ulimi wa shemeji unavyoruhusiwa kuwa.

Siku moja nilimkuta akisaga wimbi juu ya jiwe.

"Shemeji Soksi," akaniita. "Hao wageni wako watachimba mashimo mangapi hapa?"

"Moja."

"La nani?"

"La boma."

"Boma lina tumbo? Boma linaharisha?"

"Ni la watu wote wa boma, bwana."

Akaacha kusaga. Alikaa mikono juu ya jiwe, unga umemfika kwenye viwiko. "Wote akina nani? Mimi na mzee?"

Nikainama kufunga kamba za viatu.

"Shemeji, umesoma mpaka umesahau ulikozaliwa? Waambie wachimbe mawili. La pili liwe dogo tu. Hata lisiwe na mlango, nitatundika gunia."

"Nitawaambia."

"Utawaambia kweli au utawaambia Kizungu?"

"Nitawaambia."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze. Mkaza mwana na baba mkwe hawagusani mikono. Hawakai kiti kimoja, hawapiti mlangoni pamoja, na mkaza mwana hatembei mahali mkwewe anapoenda haja, wala mzee hatembei pale anapokwenda yeye. Huo si uchawi, wala si ushamba. Ni heshima, na ndiyo iliyowawezesha watu kuishi karibu karibu juu ya mawe bila kuoneana aibu. Hata kabla ya wageni tulikuwa na utaratibu. Wazee walikwenda nyuma ya mwamba mkubwa wa mashariki. Wake wa wana walikwenda kwenye kichaka cha miiba kilichokuwa chini ya chemchemi, na hakuna mwanamume aliyekanyaga pale. Hakuna aliyetufundisha hayo kwa maneno. Mtoto alijua kama alivyojua jina lake.

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aseme nilikuwa kijana sikuelewa. Nilijua kabisa.

Kijana wa ndevu nyekundu alifika bomani na vigingi na kamba kuchagua mahali pa kuchimba. Chifu alikuja pia, na askari wake mmoja. Baba alikaa kwenye kigoda chake kivulini mwa ghala. Mgeni alipima hatua kutoka jikoni, akaangalia mteremko, akasimama nyuma ya nyumba ya wazazi wangu. Halafu akafanya jambo ambalo leo naliona lilikuwa la kiungwana. Akasema, "Wanawake ndio watakaokitumia zaidi na kukisafisha. Muulize mke wa kaka yako kama hapa panafaa."

Shemeji akaitwa. Alipiga magoti mbali, uso chini, kwa sababu baba alikuwapo. Nikamuuliza. Akajibu polepole, kwa lugha yetu, kila neno amelichagua ili lisimguse mzee: "Mwambie mgeni nashukuru. Hapo panamfaa mzee na mama. Sisi wengine tuonyeshwe petu, hata kama ni mbali, hata kama ni kwenye mawe. Tutachimba wenyewe, atupe tu ule mfuniko."

Mgeni akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema ni pazuri. Anashukuru."

"Maneno yote yale?"

"Lugha yetu ina maneno mengi."

Akacheka, akapigilia kigingi.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilifanya vile. Majibu ninayo, na hakuna linalonipendeza. Niliona aibu. Shuleni tulifundishwa kwamba miiko ya nyumbani ni giza, na mimi nilikuwa nimekwishajihesabu mtu wa mwangaza. Sikutaka yule kijana ajue kwamba nyumbani kwetu watu wazima hawawezi kutumia tundu moja kwa sababu ya ukwe. Nilitaka anione kama yeye. Na kuna jambo jingine dogo la kuchukiza: shimo la pili ningelichimba mimi. La kwanza tu lilikuwa limenipasua mikono nikilifikiria, kwa maana kwetu ukichimba kufika kiunoni unakutana na mwamba.

Chifu alijua pia. Alikuwa na wakaza wana wake, na nyuma ya nyumba yake ya bati palikuwa na vyoo viwili. Lakini sitajificha nyuma ya chifu. Yeye hakuulizwa. Niliulizwa mimi.

Kazi ikaenda. Saruji ilitoka Tororo kwa treni mpaka Malaba, ikaletwa kwa baiskeli hadi chini ya kilima, na kutoka pale tukaibeba mabegani. Slabu zilimwagwa pale chini kwenye mchanga, zikikauka wanaume wanne walizipandisha kwa miti, wakiimba na kutukanana. "Wewe shika vizuri, unafikiri hii ni mchumba?" "Mchumba wako ndiye mzito hivi!" Tulifurahi. Siwezi kusema hatukufurahi. Tulichimba, tukajenga, tukaezeka kwa nyasi.

Bomba lilipotakiwa kushuka kutoka chemchemini, njia fupi ilipita kwenye kile kichaka cha miiba. Kijana wa ndevu nyekundu aliuliza kama kuna mtu mwenye kichaka. Nikasema hakina mwenyewe. Nikashika panga nikatangulia mbele. Tulikifyeka chote, na miti yake tukaifanya uzio wa kuzuia ng'ombe. Wanawake walisimama na mitungi yao wakitutazama. Wangesema nini, mbele ya wanaume, na mkalimani wao akiwa ndiye mwenye panga?

Siku maji yalipotoka bombani, meupe, bila majani wala viluwiluwi, mama yangu alikinga viganja akanywa, akajipaka uso, akalia. Na baba siku choo kilipomalizika aliingia wa kwanza, akatoka akirekebisha shuka lake, akaniambia, "Sasa na mimi nina choo kama mwenye duka wa Busia." Akawa anakwenda kila asubuhi kwa fahari na fimbo yake. Tangu siku hiyo shemeji hakuweza hata kupita karibu na nyuma ile ya nyumba.

Chifu akapiga marufuku mtu yeyote kwenda porini. Kichaka cha wanawake kilikwisha. Nyuma ya mwamba wa mashariki palikuwa pa wazee. Basi wake wa wana wa kilima kizima, si shemeji yangu tu, walikwenda mahali pekee palipobaki penye maficho, kwenye mawe ya juu. Juu ya chemchemi.

Nilifahamu. Nilimwona shemeji akipanda huko alfajiri na jembe dogo la kufukia, nikageuza uso. Hatukutaniana tena. Alinipa chakula changu akaondoka. Siku moja tu aliniuliza, bila kicheko, "Uliwaambia?" Nikasema wageni wamekataa. Ndiyo, nilisema hivyo. Nilimsingizia mtu aliyekuwa na malengelenge mikononi kwa ajili yetu.

Mvua zikaja, zikaosha mawe ya juu, na udongo kule ni mwembamba, haufichi kitu. Watoto wakaanza tena kuharisha, safari hii wakinywa maji yaliyotoka kwenye bomba. Kijana wa ndevu nyekundu alichanganyikiwa. Alikagua zege akitafuta ufa. Hakupata. Akapanda juu ya chemchemi, mimi nyuma yake nikimwambia hakuna kitu huko, akaona. Alishuka uso umebadilika. Alimwambia chifu, na aliyetafsiri ni mimi. Nilitafsiri vizuri sana siku hiyo, sikuacha neno.

Chifu akatuma askari kanga, wale askari wake wa utawala, wajifiche kwenye mawe. Askari wakaenda kuwavizia wanawake wakienda haja. Wanaume wenye bunduki, waliolipwa na serikali yetu mpya, walilala kifudifudi juu ya mawe kumngojea mwanamke achuchumae. Waliyemkamata ni shemeji.

Walimshusha mpaka penye bomba, akiwa na lile jembe mkononi, na baraza likaitishwa papo hapo. Watu wote wakaja. Baba alikaa mbele na wazee. Kaka alikuwa Malaba kwenye reli.

"Mama," chifu akaanza, "kwenu choo iko ama haiko?"

"Iko."

"Iko na mlango?"

"Iko."

"Sasa kwa nini unachafua maji ya serikali? Watoto wanakufa, wewe unapanda mlima kama mbuzi!"

Askari mmoja akadakia, "Mzee, huyu anataka choo iko na hewa mingi!" Watu wakacheka. Nimesikia kicheko hicho mara mbili maishani, siku ile na mwezi uliopita Mundika.

Kijana wa ndevu nyekundu hakucheka. Alichukizwa na bunduki na kicheko, niliona. Akasogea, akasema nami kwa sauti ya chini, "Mwambie hatumwadhibu. Nataka tu kujua sababu. Slabu ina kasoro? Anaogopa kutumbukia? Muulize."

Nikamuuliza. Shemeji aliinua uso, mara ya kwanza mbele ya mkwewe, akanitazama mimi. Hakuweza kusema. Kusema kungekuwa kumtaja baba yangu na choo katika pumzi moja, mbele ya kilima kizima. Akasema tu, "Shemeji, wewe unajua. Sema wewe."

Wanawake wote wakanitazama. Nilikuwa nimevaa zile soksi.

Nikamgeukia mgeni. "Anasema hana sababu. Ni mazoea tu."

Yule kijana akashusha mabega, kama mtu aliyekata tamaa. Chifu akaamuru abebe mchanga wa kurekebishia chemchemi mpaka siku ya ufunguzi, na askari amsimamie. Baba alisimama katikati ya maneno ya chifu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akabeba kigoda chake, akaenda nyumbani. Nilipofika nilimkuta ndani ya choo na mtaimbo. Alikuwa akipiga slabu. Alipiga mpaka ikavunjika ikaangukia shimoni, akatoka na vumbi la saruji kwenye nywele. Hakunifokea. Kama angenifokea ningejua la kufanya. Alinipita.

Kibanda kilibaki kimesimama juu ya vifusi, na baadaye ni kweli kuku walilala humo. Kwa hiyo yule bwana wa Mundika hakusema uongo wote. Alianzia tu mwishoni.

Asubuhi shemeji hakuwapo. Unga ulikuwa juu ya jiwe la kusagia, haujakusanywa. Alikuwa amevuka kwenda kwao, na wakati ule kuvuka hakukuwa kitu, mwanamke mwenye kikapu hakuulizwa na mtu.

Kaka alipokuja Jumamosi mama alimweleza. Aliniambia, "Vaa, twende." Tulitembea mpaka kwa wakwe zake. Kaka alipewa kiti. Mimi sikupewa, nikasimama. Shemeji alitoka, akamsalimu mumewe vizuri, akamletea maji. Halafu akasema na mimi, na hakupandisha sauti.

"Ulipoulizwa mara ya kwanza nilisema labda umeogopa. Mara ya pili ulinitazama machoni."

"Nimekosa, shemeji."

"Unakiri kosa hapa kwa baba yangu, ambako hakuna aliyenicheka. Kasemee kule. Pale pale penye bomba, mbele ya wale wale. Sema kwa nini nilipanda juu. Si kwa ajili yangu tu, wako wenzangu kule wanaendelea kuvuliwa nguo na askari. Ukisema, nitarudi hata kabla shimo halijachimbwa. Nitachimba mwenyewe."

Kaka akasema, "Atasema."

Nikasema, "Nitasema."

Siku ya ufunguzi walikuja watu kutoka Busia, Malaba na hata Bumala. Mkuu wa wilaya alipanda kilima kwa miguu akihema, akakata utepe, akafungua bomba, akahutubia kwa Kiswahili na Kizungu, na mimi nikatafsiri kwa lugha yetu. Kaka alisimama nyuma ya umati akiwa na koti lake la reli. Hakuondoa macho kwangu.

Nawaomba mnielewe jinsi ilivyokuwa rahisi. Mkuu wa wilaya hakujua lugha yetu. Wageni hawakuijua. Ningeweza kusema chochote. Nilikuwa na kilima kizima mbele yangu, kimya, kikinisikiliza mimi. Alipomaliza sentensi moja kuhusu kujitegemea, niliitafsiri, kisha nikaongeza, "Ndugu zangu, kuna jambo ambalo wakaza wana wetu..."

Chifu akainamia sikio langu. "Kijana, fupisha. Mkubwa ana njaa."

Nikafupisha. Nikasema, "...jambo ambalo wakaza wana wetu wanamshukuru sana mkuu wa wilaya." Watu wakapiga makofi. Nilipoinua macho kaka hakuwa pale tena.

Mchana huo huo, mbuzi wakiwa wanaliwa, nilimfuata kijana wa ndevu nyekundu kwenye ghala la vifaa nikamwambia yote. Sijui kwa nini kwake nilipata ujasiri. Labda kwa sababu hakuwa mtu wetu, na aibu ya mbele yake haingenifuata bomani. Alikaa juu ya mfuko wa saruji.

"Slabu mbili," akasema. "Ilikuwa ni slabu mbili tu? Saruji ninayo hapa. Kazi ya siku chache." Halafu akapaza sauti, "Kwa nini hukuniambia?"

Nami hasira zikanipanda, kwa sababu mwenye kosa hutafuta pa kuzitupa. "Hukuuliza! Mnakuja na vigingi vyenu na kamba zenu, hamuulizi watu wanaishije!"

"Niliuliza," akasema. "Nilimuuliza yeye, mbele yako. Mara mbili."

Wiki hiyo hiyo wageni walihamishiwa kwingine. Aliahidi kurudi, na naamini alitaka, lakini hakurudi. Saruji iliyobaki iliteremka kilima badala ya kupanda, ikaingia kwenye kuta za nyumba ya mtu mwenye cheo. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, nikipita natema mate. Na wanawake wa kilima waliendelea kupanda juu, wakaendelea kukamatwa, mpaka baadhi ya maboma yalipochimba mashimo ya pili kimya kimya bila slabu wala wageni. Kuna watoto waliozikwa katikati ya hapo. Siwezi kusema wangepona. Siwezi pia kusema wasingepona.

Jioni ya ule ufunguzi kaka alikuja bomani na baiskeli. Aliingia nyumbani kwake, akatoa vitu vichache, halafu akang'oa mlango. Ulikuwa mlango mzuri wa mvule, aliununua kwa mshahara wa kwanza wa reli. Aliufunga juu ya baiskeli kwa kamba. Nikashika upande mmoja ili usianguke.

"Ondoa mkono," akasema.

Nikaondoa. Akaisukuma baiskeli kwenye mawe, mlango ukiyumba, mpaka akapotea. Alipanga chumba Malaba karibu na reli, mkewe akamfuata huko, wakazaa, wakazeeka. Hawakuhama kurudi. Baba alipokufa kaka alikuja peke yake, akachimba kaburi nasi, akala, akaondoka. Kwangu alisema habari, nami nikasema nzuri.

Lakini siku ile alipoondoka na mlango, nilivua viatu na zile soksi, nikachukua sururu na jembe, nikaenda ng'ambo ya pili ya boma, mbali na nyumba ya baba, nikaanza kuchimba. Nilichimba siku hiyo na siku zilizofuata, kama mtu mwenye wazimu. Nilifika kiunoni nikagonga mwamba, nikauvunja kwa mtaimbo, nikaendelea. Sikula vizuri. Mama aliniletea maji akayaweka ukingoni.

Baba alikuja mwishoni. Alisimama juu yangu, nikaona miguu yake tu.

"Unamchimbia nani?" akauliza.

Niliinama nikapiga mwamba.

"Nimekuuliza. Mke wa nani atakuja hapa? Wewe unafikiri kuna mtu atakupa binti yake, baada ya kusikia ulivyomfanyia huyu?"

"Baba, niache nimalize."

"Toka. Lifukie. Ng'ombe watavunjika miguu."

Nikatoka. Alisimama pale pale na fimbo yake mpaka nilipomaliza kurudisha udongo wote na mawe yote, na nilipokwisha alinituma nikalete ng'ombe wapite juu, ili aone kama pameshikamana.